Inchi Mbili za Simenti

Mjini Arua, fundi Hamuza na kibarua wake Lino walijulikana kwa jambo moja ambalo watu waliacha kazi zao kulitazama. Walipobeba boriti mabegani, mmoja mbele na mwingine nyuma, Hamuza aliweka pimamaji juu ya boriti hiyo, nao wakavuka soko zima. Kipovu cha ndani ya kioo kilibaki katikati. Hakikukimbilia mbele wala nyuma, kwa kuwa wanaume hao wawili walikuwa na urefu mmoja, futi tano na inchi saba, utadhani walikatwa kwa msumeno mmoja siku moja.

"Huyu Mungu alimpima kwa tepu yangu," Hamuza alipenda kusema.

"Hapana," Lino alimjibu. "Wewe ndiyo alipima na yangu. Mimi iko mkubwa kwako na mwaka mbili."

Zaidi ya urefu hawakufanana kwa lolote. Hamuza alikuwa Mnubi wa mjini, Mwislamu, mjukuu wa mmoja wa wale askari wa Kisudani wa zamani waliokuja na bunduki wakabaki na majembe. Lino alikuwa Mkristo aliyevuka mpaka mwaka 1965 akikimbia vita vya kwao Sudan, mkewe Elena nyuma yake na chungu kimoja na kuku wawili. Walipata kipande cha shamba Midia, karibu na Koboko. Walilima muhogo, na kazi za ujenzi zilipopatikana Lino alipanda baiskeli kwenda kumchanganyia Hamuza simenti.

Kazi yenyewe Hamuza alifundishwa na Kalasinga mmoja mkali, aliyempiga vidole kwa ubapa wa mwiko kila tofali lilipokaa upande. Mwaka 1972, Wahindi walipoamriwa kuondoka nchini, Kalasinga huyo alifika nyumbani kwa Hamuza na kitu alichokifunga kwa kitambaa.

"Nyumba zangu wamechukua," alisema. "Hii wasichukue. Hawatajua kazi yake."

Ilikuwa pimamaji. Maduka yaligawiwa wenye bunduki, pimamaji ikapewa aliyejua kuisoma, na mwaka ule hapakuwa na mgawanyo mwingine wa haki.

Lakini kisa hiki kilianza kabla ya hapo, mwaka 1969, Hamuza alipoitwa kutengeneza sakafu ya chumba kimoja katika kituo cha polisi cha Barabara ya Tumbaku, nusu ya njia kati ya Arua na Koboko. Kiliitwa chumba cha vipimo. Mwenye chumba alikuwa Koplo Ocama, mtu mwembamba mwenye sauti ya kasisi, aliyefunzwa kazi hiyo na inspekta wa Kiingereza. Hamuza alipokuwa akisawazisha simenti, Ocama alikaa mlangoni akimsomesha.

"Fundi, miaka karibu mia iliyopita, karani mmoja wa polisi kule Ufaransa alichoka na wezi. Leo mwizi ni Petro, kesho ni Paulo. Basi akafikiri: jina ni nguo, mtu hulivua. Mfupa je? Akaanza kuwapima. Urefu, mikono ikitandazwa, kichwa mbele na nyuma, sikio, mguu wa kushoto, kidole cha kati. Halafu picha mbili, uso na ubavu. Mtu mzima mfupa wake haukui wala haupungui. Atanyoa ndevu, atabadili jina, lakini goti lake la jana ndilo la leo."

"Na anayepima akikosea?"

"Mfupa hausemi uongo."

"Sikuuliza mfupa, Koplo."

Ocama alicheka. Alimwonyesha koleo kubwa la chuma la kupimia vichwa, kamera ya miguu mitatu, na kabati la kadi. Ukutani zilichorwa futi na inchi kwa rangi nyeusi, kuanzia futi nne hadi futi saba, na chini yake kila mfungwa alisimama bila viatu.

Sakafu ya zamani ilikuwa nyekundu, imepasuka kama kisigino cha mkulima. Hamuza aliifunika kwa simenti mpya, inchi mbili kamili, akaipiga niru, ule uji wa simenti wa kulainishia, hadi ikang'aa. Alipoinuka, jicho lake lilipanda ukutani lenyewe, kwa mazoea ya kazi.

"Koplo, sakafu imepanda. Ukuta haukupanda."

"Maana yake?"

"Mtu akisimama hapa sasa, ukuta utamzidishia inchi mbili. Hizi namba zichorwe upya."

"Rangi nyeusi imeagizwa Kampala," Ocama alisema. "Ikifika nitachora mwenyewe."

Hamuza aliosha mwiko wake akaenda zake. Alikuwa amesema mara moja, na aliona mara moja inatosha.

Rangi haikufika. Mwaka 1971 wanajeshi walichukua nchi, na askari mmoja akaazima lile koleo la vichwa kung'olea misumari, likapinda. Mwaka uliofuata filamu za kamera zikakosekana. Alama za vidole zilipelekwa Kampala, na Kampala haikujibu. Katika elimu yote ya yule Mfaransa ukabaki ukuta, na ukuta ulikuwa umeanza kusema uongo tangu sakafu ya Hamuza ilipokauka.

Mwezi wa nane mwaka 1974, Elena alifika Arua kwa miguu, vumbi hadi magotini. Hawah, mke wa Hamuza, alimpa maji. Hakuyanywa. Aliyashika tu.

"Baba Medina," alisema, kwa kuwa binti mkubwa wa Hamuza aliitwa Medina, "Lino wamechukua."

"Nani wamemchukua?"

"Askari. Walishika sokoni Koboko, yeye na wanaume ingine tatu. Wakapima wote. Ile tatu wamerudisha. Lino wanasema hapana Lino. Wanasema yeye iko Soro."

"Soro gani?"

"Mimi najua? Wanasema kadi yake iko. Wanasema Ijumaa watapiga yeye risasi mbele ya watu."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Hawah alimtazama mumewe. Kituo cha Barabara ya Tumbaku sasa kilikuwa chini ya Kapteni Yakubu, kaka yake Hawah, aliyelala sajini wa magari akaamka kapteni.

"Nenda, lakini nenda na adabu," Hawah alisema. "Yakubu wa siku hizi si yule tuliyemlisha."

Kesho yake alfajiri Hamuza alifunga mfuko wa vyombo vyake kwenye baiskeli, kwa kuwa hakuwahi kusafiri bila vyombo, akaenda.

Kapteni Yakubu alimpokea kwa kicheko na chai yenye sukari, na sukari siku zile ilikuwa ya wachache.

"Karibu, shemeji. Umekuja kwa habari ya yule Msudani."

"Nimekuja kwa habari ya kibarua wangu."

"Kibarua wako ni mwuaji wa zamani. Duka la mkubwa wangu limevunjwa hapo mjini, mlinzi ameuawa. Wakubwa wanataka mtu. Nikatafuta kwenye makabati. Mwaka 1962 alikuwepo huyu Soro, alivunja ghala la tumbaku, akaua mlinzi vilevile, akatoroka rumande. Kazi ni ileile, mtu ni yuleyule. Soma mwenyewe."

Hamuza aliipokea kadi. Picha ilikuwa imeota ukungu, limebaki sikio moja na kola ya shati. Upande wa kulia, palipoandikwa vipimo vya kichwa, mguu na kidole, mchwa walikuwa wamekula wakashiba. Mistari miwili tu ilisomeka: urefu, futi tano na inchi tisa, alama maalumu, meno ya mbele ya chini yametolewa.

"Meno ya chini?" Hamuza aliuliza. "Shemeji, wanaume wangapi wa Koboko wa rika la Lino hawana meno hayo, kama yeye? Waling'olewa ujanani, ndiyo mila. Mzungu aliona ajabu akaandika. Wewe si Mzungu. Tena mwaka 1962 Lino alikuwa bado kwao Sudan."

"Achana na meno, na hiyo Sudan ni maneno yake tu. Urefu. Tumempima mbele yangu, futi tano na inchi tisa. Hata unywele haukuzidi."

Hamuza alishusha kikombe polepole.

"Mlimpimia wapi?"

"Ukutani. Ulitaka tumpimie mtini?"

Hasira ya watu wengine ni moto, huwaka na kuzimika. Ya Hamuza ilikuwa chokaa: hukaa kimya kwenye gunia miaka mingi, nyeupe na baridi, hata siku inapomwagiwa maji ndipo inapochemka na kutoboa pipa. Aliinuka akaenda chumba cha vipimo bila kuagana, na Yakubu akamfuata akiwa bado anatabasamu.

Koplo Ocama alikuwa mezani kwake. Alipomwona fundi alitazama chini, kwenye ile sakafu inayong'aa. Hamuza alivua viatu akasimama chini ya namba.

"Koplo, nisome."

Ocama alikawia. "Futi tano," alisema. "Inchi tisa."

Hamuza akatoa mfukoni cheti chake cha kazi cha mwaka 1958, kilichojazwa na daktari wa Kizungu. Futi tano, inchi saba.

"Basi mimi pia ni Soro," alisema. "Nilikuwa nikila kwenu Idd zote hizo na hamkujua. Na wewe, shemeji, ulipoingia jeshini walikuandika ngapi?"

"Futi tano na nane."

"Njoo usimame."

Yakubu alisimama, kwa kuwa askari wawili walikuwa mlangoni wakitazama na hakutaka kuonekana anaogopa ukuta. Ocama akasoma futi tano na inchi kumi.

"Serikali hii imetukuza sote inchi mbili," Hamuza alisema. "Tena tukiwa watu wazima, na bila kutulisha."

Askari mmoja alicheka, akakigeuza kicheko kikohozi. Tabasamu la Yakubu likaondoka.

Hamuza alivuta tepu yake kutoka sakafuni hadi palipoandikwa futi tano. Ilisoma futi nne na inchi kumi.

"Tepu yako ni ya dukani," Yakubu alisema. "Ukuta ni wa serikali."

"Basi tuiulize sakafu."

Alitoka nje, akarudi na tindo na nyundo.

"Unaharibu mali ya serikali, Hamuza."

"Mali hii niliiweka mimi. Najua inapoishia."

Akapiga. Alipiga kama mtu anayemwadhibu mtu, na kwa kweli alikuwa akimpiga yule Hamuza wa mwaka 1969, aliyesema mara moja akaosha mwiko wake. Vipande viliruka hadi mezani kwa Ocama. Chini ya namba likafunguka shimo la kutosha miguu miwili, na ndani yake ikaonekana sakafu ya zamani, nyekundu, na nyufa zake zote. Akatia tepu: inchi mbili. Akaingia shimoni, akanyooka.

"Futi tano, inchi saba," Ocama alisoma kabla ya kuulizwa.

 Kisha Ocama akafungua kabati, akatoa kadi nyingine na karatasi iliyobanwa nayo.

"Afande," alimwambia Yakubu. "Na Kenyi?"

Hamuza alimjua Kenyi, kama kila mwenye baiskeli kati ya Arua na Koboko alivyomjua. Alikuwa fundi wa baiskeli wa Midia, kijana mrefu mwenye mdomo, mtoto pekee wa mjane Kaltumu aliyeuza simsim, yaani ufuta, sokoni. Mwaka uliopita alichukuliwa, wakasema ni jambazi fulani wa zamani aliyebadili jina. Walimpiga risasi uwanjani, watu wamekusanywa kutazama. Mama yake hakupewa mwili wala ruhusa ya kuweka matanga. Hamuza alikuwa juu ya ngazi akipiga lipu habari zilipomfikia, na alikumbuka vizuri alivyosema: kama ni jambazi, ni jambazi.

"Kadi ya zamani ilisema futi tano na inchi kumi na moja," Ocama alisema. "Kenyi nilimpima hapa. Futi tano na inchi kumi na moja. Nilimsoma mimi. Afande alitia sahihi."

"Kwa hiyo ukitoa mbili," Hamuza alianza.

"Askari, nendeni mkanywe chai," Yakubu alisema.

Mlango ulipofungwa, alizungumza kwa upole, kama watu wanavyozungumza kwenye harusi.

"Sikiliza, shemeji. Msudani wako mchukue, nimekupa. Kadi ya Soro itatafuta mtu mwingine."

"Na Kenyi?"

"Kenyi amekufa. Maiti haina urefu."

"Ina mama."

"Ziba hili shimo leo hii hii. Simenti iko stoo. Na neno hili likitoka nje ya mlango huu, nitamrudisha Msudani, na wewe nitakulaza naye. Hawah atalia, nami nitamfuta machozi. Ni dada yangu, sitamwacha."

Akatoka. Gari lake likasikika likielekea Arua.

Walimleta Lino. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na alitembea kama mwenye kubeba kitu asichotaka kimwagike. Alimtazama Hamuza, akatazama simenti, akatazama shimo.

"Kazi iko?" aliuliza.

"Iko. Unaweza kuchanganya?"

"Mikono hawakugusa."

Wakafanya kazi. Hamuza alizikata kingo za shimo zikawa mraba safi, akazipiga lipu, akapiga niru sakafu ya chini, ile ya zamani, bila kuiinua hata unene wa kucha. Lino aliona, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu kwa upande wa mdomo uliokuwa mzima. Walipomaliza, chini ya namba palikuwa na kibonde cha mraba, chenye kina cha inchi mbili, laini kama karai la kunawia.

"Fundi," Ocama alisema, "kapteni aliagiza uzibe shimo."

"Liko wapi shimo? Hii ni sakafu. Mtu akisimama humu, ukuta wako ni wa kweli tena. Rangi yako haihitajiki."

 Ocama alikwenda akaleta meza yake ya kadi, akaiburuta mwenyewe, akaiweka juu yake ili mtu apitaye mlangoni asikione.

"Kikauke kwanza," alisema.

Mtu mwenye busara za siku zile angekomea hapo. Kibarua wake yuko hai, jino kwa jino haikuwa kazi yake, na mkewe ana kaka mwenye gari. Busara hiyo ndiyo iliyoijaza nchi makaburi yasiyo na majina. Hamuza alimfikisha Lino kwa Elena, na kabla hajala alichoandaliwa, aliuliza njia ya kwenda kwa Kaltumu.

Mama huyo alikuwa akipepeta simsim mlangoni. Hakumkaribisha. Tangu mwanawe auawe, waliokuja kwake walikuwa askari au wenye maneno, na sokoni wanunuzi walizunguka ungo wake wakanunua kwa jirani. Simsim ya mama wa jambazi.

Hamuza alikaa chini, mavumbini, akamweleza yote: sakafu, ukuta, kadi, inchi mbili. Kaltumu alipepeta hadi mwisho wa maneno yake, kisha akaweka ungo chini.

"Inchi mbili ni kiasi gani?"

Hamuza alimwonyesha kwa kidole, kutoka ncha hadi kiungo cha pili. Kaltumu alikunja kidole chake mwenyewe akakitazama.

"Hii?"

"Hiyo, mama."

"Na wewe ulijua toka lini kwamba ule ukuta iko na uongo?"

Alijua swali hilo litakuja. Njia nzima alikuwa akilitayarishia jibu: kwamba rangi iliagizwa, kwamba alimwambia koplo, kwamba yeye ni fundi tu. Aliyaacha yote.

"Toka siku niliyomwaga simenti."

Kaltumu hakulia wala hakumtukana. Alisema, "Mimi umeniambia kitu nilijua. Kenyi nilizaa mimi, najua yeye si mwizi. Wale hawajui iko sokoni. Utaenda kuambia wao."

"Kapteni ameapa. Nikisema, atamrudia Lino."

"Basi peleka Lino yako mbali. Yangu hakuna mutu alipeleka."

Usemi huo ulimtoboa, na haki ilikuwa yake mama.

Vita vya kule Sudan vilikuwa vimekwisha miaka miwili nyuma, na wengi wa wakimbizi walikuwa wamerudi kwao. Lino alibaki kwa ajili ya shamba na kwa ajili ya boriti. Ijumaa, siku aliyokuwa amepangiwa risasi, yeye na Elena walivuka mpaka kwa njia ya mashambani, na chungu kilekile. Kuku walimwachia Hamuza. Pale kwenye mpaka Lino alimshika bega.

"Nani atabeba nyuma?"

"Nitapata mfupi fulani," Hamuza alisema. "Kipovu kitakimbia kidogo, nitazoea."

"Usizoee," Lino alisema, akaenda.

Siku ya soko la Koboko iliyofuata, Hamuza alisimama juu ya kreti mbele ya ungo wa Kaltumu. Hakuwa msemaji. Alishika tepu mkono mmoja, na mwingine hakujua pa kuuweka.

"Mimi ni Hamuza, fundi wa Arua," alisema. "Sakafu ya chumba cha vipimo niliimwaga mimi. Iko juu inchi mbili. Kila mtu aliyepimwa pale miaka mitano hii amezidishiwa inchi mbili. Kenyi wa mama huyu alipimwa pale. Yule waliyemtaka alikuwa mrefu kuliko Kenyi. Kenyi hakuwa yeye. Mimi nilijua ukuta una kasoro, na mlipoambiwa Kenyi ni jambazi, nilikubali kama ninyi mlivyokubali. Asiyeamini ana urefu wake na mimi nina tepu, twende pale tupimane."

 Muuza muhogo mmoja, jirani wa Kaltumu aliyekuwa hamsalimii mwaka mzima, alivuka njia akapima vikombe viwili vya simsim mwenyewe, akaweka pesa na asiondoke. Mwingine akaja nyuma yake. Hamuza alikuwa bado juu ya kreti askari walipofika.

Hawakumpiga njiani, watu walikuwa wengi mno. Walimwendesha kwa miguu, na watu wakafuata kwa mbali, kundi ambalo kila njia panda lilizidi badala ya kupungua. Lilipofika kituo cha Barabara ya Tumbaku lilijaza ua, na Kaltumu alikuwa mbele, ungo bado kichwani.

Kapteni Yakubu alisimama kizingitini mwa chumba cha vipimo. Wakubwa walikuwa bado wanamdai Soro wao, Msudani hayupo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata suluhisho na kisasi kwa siku moja.

"Mlimsikia," alisema kwa sauti ili ua mzima usikie. "Anapenda vipimo. Wiki iliyopita, mbele ya askari wangu, alisema kwa kinywa chake kwamba yeye ni Soro, na ukuta ukamshuhudia. Sasa tutapima hadharani, ili msiseme tumeonea. Kadi inasema futi tano na inchi tisa. Koplo, mpime."

Ocama aliinuka. Akashika meza yake kwa pembe mbili, akaivuta kando.

Kibonde kilikuwa kimekauka vizuri. Hamuza alivua viatu akaingia. Simenti ilikuwa baridi chini ya nyayo zake, na alitambua kwa kisigino kwamba kona moja Lino aliipiga niru vizuri kuliko yeye.

Yakubu aliona. Alipiga hatua kwenda kumtoa, lakini mlango ulikuwa umejaa vichwa, akasimama.

Koplo Ocama alilaza rula juu ya kichwa cha fundi, akaisukuma hadi ikagusa ukuta. Alisogeza macho karibu, kama alivyofundishwa, ili asikosee. Kisha aligeukia uani, na ile sauti yake ya kasisi ikatoka yote.

"Futi tano," alisema. "Inchi saba."

"Soma tena," Yakubu alisema.

"Futi tano, inchi saba, afande. Zile mbili zilikuwa za sakafu, kwake na kwa Kenyi. Niandike?"

Kutoka uani, kabla kapteni hajajibu, Kaltumu akasema, "Andika."